Mabuti ya Rannvá

Saa moja unusu, Tórshavn bado ni usiku,
mvua inapita dirishani kwa ubavu,
nami nimekalia mikono yangu miwili
kama mtu aliyekatazwa kugusa chungu cha moto.

Ukutani, saa. Mama yake aliitia rangi ya kucha:
nyekundu pale mshale unapomtaka awe amevaa,
kijani pale mlango unapofunguka.
Miaka mitano. Hajui kusoma saa,
anajua kusoma rangi.

Soksi moja. Sasa anazungumza na paka.
Soksi ya pili, kisigino kimegeukia juu.
Ulimi unaniwasha. Naumeza.
Jana nilimvalisha kila kitu, haraka haraka,
tukachelewa vilevile,
naye akalia njia nzima hadi kwenye lango la chekechea:
“Ilikuwa kazi yangu!”

Zipu inagoma.
Anaishusha, anaipuliza meno,
anaipandisha tena. Imepanda.
Hakugeuka kunitazama hata mara moja.
Sikujua kwamba jambo moja laweza kuuma
na kufurahisha papo hapo.

Kisha mabuti ya mpira:
la kulia mguu wa kushoto, la kushoto ndiyo hivyo tena,
pua zake zimepeana mgongo kama waliogombana.
Naacha. Atayasikia mwenyewe kabla ya daraja.

Mshale umegusa kijani.
Mkono wake uko kwenye kitasa.
“Baba, unatuchelewesha.”

Nikatazama chini.
Kweli. Mimi bado miguu peku.