Sikio la Silinda ya Nne

Pistoni ile huzuia mlango wa karakana yangu usifungwe na upepo.
Ina tundu katikati, pana kama kidole gumba,
kingo zake zimelegea kama mshumaa uliosahauliwa.
Ilikuwa ya kaka yangu Zvonko.
Tani tisini za madini, kilomita mia mbili kaskazini mwa Meekatharra,
naye ameketi kivulini mwa gurudumu, siku nzima, akingoja kuvutwa.

Aliipenda ile gesi. Nani asiyeipenda?
Dizeli hufanya kazi, gesi huitia hamu:
unaipuliza kidogo kwenye hewa, mwinuko unalala.
Kidogo. Neno lenyewe ndilo hilo.
Lakini kidogo huongezeka usiku, dereva akiwa na haraka,
nozeli ikinata,
na ndani ya chuma moto unaanza kabla ya kuitwa.

Sikio la kufa halisikii dawa.
Basi nikaipa injini sikio lingine:
kisanduku kisichozidi pakiti ya sigara,
waya sita, lehemu ya mkono wangu,
sindano moja ndani ya ekzosi ipime joto,
na kidude kimebanwa ubavuni mwa bloku
kisikilize ule ugongaji mdogo, kama kucha juu ya bati.
Joto likipita nyuzi mia saba, au kucha zikigonga mara tatu,
kinafunga gesi. Hakimuulizi mtu.

Vaughan Tillerby alinitukana kwa redio.
"Umenikata mguu katikati ya mlima, Dragica!
Nyuma yangu matrela matatu, mbele yangu jua,
na hiki kitu chako kinaniwakia taa nyekundu
kama mwalimu aliyemkamata mtoro."
Nikamwambia, panda polepole.
Akajibu neno ambalo mama alilijua kwa lugha yetu.

Aliingia saa tano usiku, vumbi hadi kwenye nyusi.
Nikachomeka kompyuta.
Mali bila daftari, tunajua huishia wapi;
hiki kina daftari:
saa nane na dakika kumi na moja mchana, silinda ya nne,
nyuzi mia saba na arobaini, zingali zinapanda.
Nozeli imekwama wazi.
Gesi imefungwa. Sekunde mbili.

Hakusema asante.
Alikwenda mlangoni, akainama, akaiokota pistoni,
akatia kidole kwenye tundu.
Kikapita chote, mpaka kwenye pete.
Akairudisha chini taratibu,
mlango ukiwa umekwisha kuanza kujifunga.