Safu ya Maoni

Tuliondoka Tudor saa moja kasorobo,
maji yamekupwa, mikoko imeinua magoti topeni,
wageni sita ndani ya boti ya faiba,
mmoja wao mwalimu mstaafu wa Kakamega
aliyekaza jaketi lake la kuokolea mara tatu
kabla hatujafungua kamba.
Mimi hushika daftari. Lina safu nne:
jina, idadi, mahali, maoni.
Ofisini husoma tatu za mwanzo tu.

Korongo kumi na mmoja, chini ya daraja la Nyali.
Furukombe mmoja, juu ya mlingoti wa simu,
ametupa kisogo kama karani wa forodha.
Membe arobaini, au hamsini: hawatulii wakahesabika.
Kunguru hatuwaandiki. Mwachiro, nahodha, asema
tukianza na kunguru wa Mombasa
wino utatuishia kabla ya kufika Ngomeni.

Nje ya mwamba, ghafla maji yakaota migongo.
Pomboo! Boti ikalalia ubavu mmoja kwa uzito wa macho.
Mimi nikaona tisa, Mwachiro saba,
mwalimu akashikilia kumi na wanane
kwa kuwa alimhesabu kila arukaye, kila arukapo.
Nikaandika tisa. Mmoja alikuwa na mtoto
amemganda ubavuni kama mfuko kwenye kanzu;
hilo nililitia kwenye maoni.
Jaketi la mwalimu limefunguka lote, na hana habari.

Kisha, karibu na boya la kijani,
pale meli za makasha hugeuzia pua kuingia Kilindini,
kikazuka kichwa kama ngumi. Pff.
Kasa uziwa, mpana kama sinia la arusi,
na mgongoni mipasuko mitatu, sambamba,
imepona vibaya, mwani umeota ndani yake.

"Zima," Mwachiro akajiambia,
na mkono wake ulikuwa ushazima.

Mwezi wa nane, usiku, tukirudi mbio na tangi karibu tupu,
kitu kiligonga rafadha: ta, ta, ta,
haraka haraka, kama mtu apigaye hodi.
"Gogo," alisema.
"Gogo," nikaitikia.
Nikaandika: gogo, moja, boya la kijani,
na safu ya nne nikaiacha wazi.

Hodi ni tatu. Usipoitikiwa, wajiendea zako.
Huyu alirudi.
Alitutazama kwa jicho zito, lenye ute wa chumvi,
akapumua tena, akapumua tena,
na hatukuwa na la kumjibu:
karibu ni neno la mwenye nyumba.

Mkondo ukatuchukua. Mwalimu akauliza mbona kimya,
injini imeharibika?
Mwachiro akasema ndiyo, kidogo,
akatoa kafi chini ya benchi, akapangusa vumbi lake
kwa kiganja, taratibu, pande zote mbili.

Nimeandika: kasa uziwa, mmoja, boya la kijani.
Maoni: hodi.
Kisha nikarudi kurasa za Agosti, nikapiga mstari.
Wino wa ofisi ni mzuri. Gogo bado lasomeka.