Sambaza

Asubuhi napima hewa ya bondeni, upande wa Bulengo.
Kipimo nakishusha hadi kimo cha mbuzi,
maana mazuku hayapandi. Yanalala chini, hayana rangi,
yanamngoja aliye mfupi:
mbwa, au mtoto aliyeinama kufunga kamba ya kiatu.
Naandika namba. Nasubiri. Naandika tena.
Namba moja siiamini mpaka nimwone dada yake.

Jioni, nyumbani Himbi, umeme ukikubali,
mimi si Kasoki Kahambu mpima mlima.
Mimi ni Mbuzi Mwenye Miwani.
Nina ndevu. Nina maoni kuhusu bei ya makala.
Natega vitendawili vya kipuuzi:
wale samaki wetu wa ziwani, wembamba kama kidole,
sambaza gani hakaangwi?
Wa simu! wanajibu watu elfu arobaini,
wananitumia majani ya viazi waliyoyachora,
na bwana mmoja wa Katindo ameniposa mara mbili.

Dada yangu Kyakimwa ndiye pekee anayejua.
Daktari mzima, husema, unalia mee usiku kucha.

Nilijiwekea sheria mbili,
nikazibandika kwenye friji isiyogandisha kitu:
Mbuzi hasemi habari za mlima.
Kasoki hafanyii mlima mzaha.
Katikati nikajenga ukuta wa mawe meusi,
yale yale ya kiwanja chetu,
yaliyokuja yenyewe siku ile, yakiwa uji,
yakameza duka la baba pamoja na mizani yake.

Kisha Alhamisi.
Sauti ya mwanamume nisiyemjua ikaingia kila simu:
Kimbieni, saa kumi alfajiri mlima unatapika,
wakubwa wameshahamisha wake zao.
Sambaza. Sambaza. Sambaza.
Nikasikia chukudu zikiteremka na magodoro.
Jirani alikuwa anahesabu watoto kwa sauti,
anakosea,
anaanza upya.

Nikampigia Balume, aliye zamu. Mitetemo?
Imelala, akasema, hata mimi nilitaka kulala.
Nikafungua kompyuta, nikaitazama mwenyewe,
mstari baada ya mstari.
Nikaandika taarifa: namba, saa, jina langu lote.
Ikasomwa na watu thelathini na mmoja.
Wawili ni binamu zangu.

Kwa mbuzi, walikuwa wanavunja mlango.
Miwani, wewe hulali, tuambie, tukimbie?
Kidole changu kikasimama juu ya kioo.
Ningeweza kuwaambia. Ilikuwa kweli.
Lakini kweli ikitoka kinywani mwa asiye na jina
ina tofauti gani na ile sauti ya mwanamume?
Nayo ingelala chini, bila harufu,
na siku nyingine mbuzi akikosea
nani angeinama kuwaokota?

Nikaandika, kwato zikitetemeka:
Mimi mbuzi. Mlima siujui, najua majani.
Yuko mtu mwenye kipimo, na jina,
na ofisi yenye mlango wa kugongwa.
Kasoki Kahambu. Someni alichoandika.
Akiwa amekosea, kesho mtajua pa kwenda kumtukania.

Jibu la kwanza:
Nani, yule mama asiyecheka?

Nikacheka mpaka Kyakimwa akaamka,
akadhani ni tetemeko.

Saa kumi ikafika na wekundu wake wa kila siku
juu kule, kama jiko la mtu aliyechelewa kulala.
Baadhi ya magodoro yalirudi.
Mengine yalishafika Sake, na mvua ikayakuta huko.
Hilo silo la kuchekea, na sikulichekea, kwa jina lolote.

Ijumaa adhuhuri mlango wa ofisi ukagongwa.
Bwana mnadhifu, kutoka Katindo, anasema,
ameshika fungu la majani ya viazi.
Hakuja kutukana. Alikuwa na swali moja:
je, mheshimiwa, yule mbuzi unamfahamu?

Nikavua miwani, nikaifuta.
Mimi sisemi uongo kazini.
Tumewahi kukutana, nikamjibu.
Yaache hapo mezani. Nitamfikishia.