Kilichopita Mara Moja

Picha mia mbili na kumi, zote giza la Maseno,
nimezilaza moja juu ya nyingine kama chapati.
Programu ni ya bure; kompyuta ya shemeji Otiato
inanguruma, inachemka, betri asilimia tisa.

Chenga zinapungua. Wingu la nyota linajitokeza,
jekundu, mithili ya ulimi wa ndama.

Kanuni ni moja:
kinachorudi hubaki, kinachopita mara moja hufutwa.
Umefutwa usubi wa ziwani, ndege ya Kisumu,
na tochi ya Abuto, picha ya themanini na tatu,
akiniletea uji usiku ule,
kabla ya Agosti.

Wingu nimelihifadhi.
Kisha nikaifungua ile ya themanini na tatu,
mbovu, imeungua kwa mwanga.
Sikuisafisha.