Arobaini ya Bontsje

Jumanne walimpakia Bontsje kwenye lori,
ukwato umeoza, maziwa yamekatika.
Sjoukje hakulia. Alikwenda kusoma geji.

Nyuma ya zizi kuba la mpira wa kijani
limetuna kama shavu la mpiga zumari.
Mle gizani, pasipo hata funda la hewa,
vijidudu vinatafuna mavi ya ng'ombe tisini,
vinashuta taratibu, usiku na mchana,
na ushuzi huo, uniwie radhi, ndio taa ya jikoni.

Mzee Wiebe, baba mkwe, alipinga tangu mwanzo:
"Mavi ni ya shamba. Mkopo ni wa benki.
Nani amewahi kuoga kwa mavi?"
Siku hizi anaoga dakika ishirini,
anatoka mwekundu, hasemi kitu.

Barafu imeziba mifereji ya Friesland.
Tangi hudekezwa kama mgonjwa:
nyuzi thelathini na nane, si pungufu;
likipoa
hununa wiki nzima.

Fundi Halbe alisema: kinachoingia leo
hukaa tumboni humo siku arobaini.
Ndiyo maana Sjoukje anatia alama
kwenye kalenda ya kiwanda cha jibini.

Leo ni ya kumi na tisa. Birika linalia.
"Hii bado ni yake," anasema, anamimina.
Wiebe anasogeza kikombe.

Ya arobaini itaangukia Jumapili.
Hajaamua kama siku hiyo
atawasha jiko.