Nusu ya Ramadhani, Ngazini

Usiku wa karankasho, hapa Khodh,
wamerudi saba, mifuko ya nguo shingoni,
kombe za pwani bado zinagongana viganjani,
wakaketi kwenye ngazi za jengo letu,
juu ya duka la mabaibui la Khalfan,
wakamwaga.

Karanga, tofi, chokoleti zilizoanza kulainika,
biskuti moja iliyokanyagwa,
na zile baisa mia mia za mzee wa nyumba ya kona.
Nilikuwa mlangoni, unga wa vibibi mkononi,
nikasikia:
"Si haki!"

Neno hilo Ghalya wangu alilijua
kabla hajajua kufunga kamba za viatu.
Shikamoo nilimfundisha. Kunawa nilimfundisha.
Hili lilimtoka lenyewe, kama jino.

Kisa: mfuko wa Shibu umepasuka njiani,
mtoto wa mfamasia, hana hata karanga.
"Kila mtu na chake," Ghalya anasema,
"nani alimtuma akimbie?"
Thurayya, aliyelelewa Ibra kwa bibi yake,
akamkata jicho: "'Eeb!
Utakula vipi mwenzio anakutazama?"
'Eeb, nami sikioni nikasikia aibu,
neno lile lile, limekunja tu ulimi.
Shibu mwenyewe hataki kupewa.
Kwao, anasema, ukimwaga unaokota kwanza,
ndipo unyooshe mkono.
Akashuka na simu ya baba yake, taa imewaka,
akaanza kuinamia barabara, tofi moja moja.

Chuoni, nilipokuwa nasomea ualimu,
walituchorea ngazi ubaoni.
Chini kabisa mtoto anayeogopa fimbo,
juu yake anayesema nipe nikupe,
juu zaidi anayeshika sheria,
na kileleni mtu mmoja, peke yake, na haki yake.
Niliinakili kwa rula.
Sasa natazama ngazi hizi za saruji,
na aliyeketi juu kabisa ni Yaarub, miaka minne,
ameutoa mdomoni utofi wake alioulamba nusu,
anauhifadhia Shibu,
anaulizia kila dakika: "Kaja?"

Mwalimu hakutuambia tumweke wapi Yaarub.

Halafu ikazuka ya Zahran.
Zahran alipita kwa mzee wa kona mara mbili,
mara ya pili kofia ameigeuza nyuma mbele.
Mwizi, akasema mmoja. Mzee alimpa mwenyewe, akasema mwingine.
Mungu ameiona kofia.
Mzee haoni vizuri, ndiyo mbaya zaidi!
Zahran kashika baisa yake ya pili, ngumi imefungwa:
"Ya Salma. Ana homa, hakutoka."
Wakanyamaza.
Halafu, kama maji ya falaji yakipata njia,
wakanigeukia wote.
"Wewe mwalimu. Amekosa, hajakosa?"

Nilijua la kusema. Nilifungua kinywa
nimwambie uwongo ni uwongo, hata kwa kofia,
na Ghalya akaniangalia tu,
bila hasira, kama mtu anayekagua hesabu:
"Asubuhi Bi Ramla wa upatu alipobisha,
uliniambia nimwambie haupo."

Unga ulinikauka vidoleni.

Sikumbuki niliwajibu nini. Kitu kuhusu chai.
Nilipotoka tena walikuwa wamegawana,
kwa hesabu ambayo siielewi mpaka leo:
Shibu alikuwa na nyingi kuliko Ghalya,
Zahran kampelekea Salma zake zote,
baisa ya pili ilikuwa juu ya boksi la umeme,
hakuna aliyeitaka, hakuna aliyeirudisha,
na kwenye ngazi ya juu
utofi wa Yaarub, umenata, una sisimizi.

Jana asubuhi kengele ililia.
Ghalya alikwenda, akachungulia tundu,
akanigeukia. Nilikuwa jikoni, nimesimama
na kidole karibu na midomo.
Alikitazama kile kidole kwa muda.
Akafungua.
"Karibu, Bi Ramla," akasema. "Mama yupo."
Nikatafuta ushungi.