Nodi ya Saba

Saa nane usiku, Oulu, mwezi wa pili,
theluji imeziba nusu ya dirisha la ofisi.
Skrini inanifundisha maneno mawili tu:
Inaanza. Inasubiri. Inaanza. Inasubiri.
Imefanya hivyo tangu saa tatu.
Hata wagonjwa wa wodi ya figo, ghorofa ya juu,
hawasubiri kwa adabu namna hii.

Ni programu ya dawa. Kyösti aliiandika
mimi nikiwa sijang'oa meno ya utoto,
kwa seva ambayo kiwanda chake sasa ni maegesho ya magari.
Haijui kipanya. Haijui rangi.
Inajua dawa elfu tisa,
na zipi kati yake haziivi chungu kimoja.

Basi tukaijengea mashine pepe,
pepe kama punje isiyo na kiini,
kumbe ndani mna kila kitu: diski, saa,
hata ule mlio wa kuamka.
Mashine tukaitia ndani ya kontena,
kontena ndani ya klasta ya nodi tisa,
nyumba ndani ya nyumba, kila mlango na kitasa chake.
Na juu yao wote yupo mpangaji.
Si yule alipaye kodi, la,
ni yule awapangaye walipao:
wewe huku, wewe kule, wewe ngoja.

Ilpo aliulaumu mtandao. Siku zote huulaumu mtandao.
Tukaukagua waya kwa waya: mzima.
Nikalaumu cheti. Cheti kina siku kumi tangu kutolewa.
Tukalaumu diski, nayo ikajibu upesi, kwa ukali,
kama mtu aliyesingiziwa wizi.
Ilipogonga saa saba tukalaumiana.
Ilpo akalala kitini, koti usoni.

Nikabaki na kumbukumbu za mfumo,
mistari elfu arobaini,
nikaipitia kama achaguaye mchele gizani
hadi kidole kikagusa jiwe:
nodi ya saba imempokea mgeni
mara mia mbili na kumi na nne,
na kila mara imemrudisha kizingitini
bila kusema kwa nini.

Kwa nini basi apelekwe hapo hapo?
Kwa sababu ya lebo.
Nodi imeandikwa: inaweza kubeba mashine pepe.
Mpangaji hapapasi, hagongi ukuta; anasoma lebo.
Na lebo niliibandika mimi, Oktoba,
siku ambayo kweli ilikuwa inaweza.

Nikateremka chini, kwenye baridi ya kutengenezwa.
Mlangoni mwa kabati, karatasi ya njano,
mwandiko wa Jalmari, mwanagenzi wetu:
"Jumanne. Nimebadilisha betri ya ubao. Kila kitu sawa."

Kila kitu sawa, mwanangu,
ila betri ilipotoka ubao ulisahau yote,
ukarudi kuwa kama ulivyotoka kiwandani,
na katika umri huo
hauruhusiwi kubeba mashine nyingine tumboni.
Ukurasa wa tatu wa menyu ya buluu, swichi moja:
Imezimwa.
Nikaiwasha. Nikarudi juu, nikaing'oa na lebo yangu.
Safari hii nodi ijisemee yenyewe.

Saa kumi na dakika saba. Herufi za kijani,
kiteuzi kikipepesa,
na swali la Kyösti, lile lile
lililowakuta wauguzi ambao leo wana wajukuu:
DAWA GANI?

Nikamwamsha Ilpo. Akaangalia, akapiga mwayo.
"Si nilikwambia," akasema, "mtandao."

Betri mfu niliikuta juu ya kabati,
nikaitia mfukoni, nikaisahau.
Asubuhi, kwenye mashine ya kahawa kando ya wodi,
niliitumbukiza pamoja na sarafu.
Sarafu zikamezwa. Betri ikatemwa,
ikabiringika hadi chini ya benchi.
Nikainama, nikaiokota.
Mgongoni bado imeandikwa: volti tatu.